Safari Moja ya Mzee Faki

Sogeeni, na mwenye huruma nyingi akae nyuma. Hapa pana watu watatu, kila mmoja na kipaji chake. Bi Mwatumu alijua kupika. Binti yake, Bikombo, alijua kukanda viungo. Jecha alikuwa na subira ya kufundisha. Na wote watatu walimchukia mtu mmoja, Mzee Faki.

Faki alimpa talaka mkewe, Bi Mwatumu, kwenye harusi ya watu, mbele ya wageni, akimwita mwizi wa dhahabu ya nyumbani, ilhali dhahabu hiyo aliiuza mwenyewe. Bikombo, mtoto wake wa kumzaa, alimtoa skuli akamwoza mwanamume mpigaji. Bikombo amemkimbia mume huyo, talaka hana. Na mdogo wake, Jecha, Faki alimtukana msikitini hadi Jecha akahama mtaa.

Kiharusi kikamwangusha Faki, nusu mwili ukapooza. Mke mdogo aliyemwoa baadaye? Siku ya tatu kafunga virago! Wakaja hao hao watatu.

Maji yalikuwa yakimpalia, basi Bi Mwatumu akampikia uji mzito, akamlisha kijiko kwa kijiko. "Kula! Ukifa leo, mimi nabaki mwizi."

Bikombo akamkanda mguu, akamsimamisha kati ya viti viwili. Mzee akilia, yeye anahesabu hatua. "Tembea, baba. Utakwenda kwa miguu yako kumwangukia mkweo, uniombee talaka."

Jecha alimshikia kikombe, ufunguo, kofia, kila siku, avitaje majina. "Sema, kaka! Ulimi ulionitukana ndio ninaoutaka."

Mwezi wa sita Faki akasimama, akatamka, "Nisameheni."

"Humu chumbani?" Bi Mwatumu akacheka. "Thubutu! Ulinichafua mbele za watu, utanisafisha mbele za watu."

Lakini daktari kaonya: presha bado iko juu. Fedheha moja huenda akaihimili. Ya pili wasitarajie arudi mzima.

Ugomvi ukazuka pale pale.

"Bila uji wangu angekuwa kaburini. Kwenye harusi ya watu kwanza, kama siku ile!"

"Bila mikono yangu asingefika hata mlangoni. Kwa mume wangu kwanza, bado nimefungwa na ndoa, mama!"

"Bila mimi angewakodolea macho tu. Msikitini!"

Faki kaegemea mkongojo. "Nianze wapi?"

Haya, nyinyi mliokaa hapa, mngempeleka wapi? Na asiniambie mtu asamehewe. Hilo sikuliuliza.