Dawa Zilizogawiwa Siku ya Kuanua Tanga

Kuna swali moja sijapata kulitegua, nami nimewauliza wasomi na wasiosoma. Kila anayenijibu hunishawishi, mpaka ajibu mwingine. Sikilizeni, labda nyinyi mtaona nisichokiona.

Katika milima ya Upare, kwenye mashamba ya tangawizi, walikuwapo watu watatu wa ukoo mmoja. Namkunda alikuwa na kumbukumbu: alichokiona mara moja hakikumtoka. Mwanawe Elifasi alikuwa na miguu: mteremko ambao wengine waliushuka wakishikilia nyasi, yeye aliushuka akiimba. Na Nakiete, wifi yake Namkunda, alikuwa na ulimi: akimwomba mchoyo chumvi, alipewa na mboga.

Mume wa Namkunda, Mbonea, alifariki kwa ugonjwa wa sukari. Siku ya kuanua tanga, Nakiete, dada wa marehemu, aligawa vitu vyake. Kwao kitu cha marehemu hakitupwi. Kukitupa ni kumtupa mwenyewe. Basi baada ya mashati na majembe ulikuja mfuko wa dawa, na hizo nazo akazigawa: huyu za mgongo, yule za usingizi. Namkunda alikuwa ndani na wanawake waliomliwaza, hakuona.

"Dada, mimi nina kizunguzungu kama cha kaka," alisema Senzota, mdogo wao.

"Chukua hizi. Unajua kaka hakumeza kitu kibovu."

Haukupita muda, Senzota akaanguka shambani, anatetemeka, jasho linamtoka, maneno yamemchanganyika. Wakamleta uani kwa Namkunda, palipokuwa karibu. "Amelewa asubuhi yote hii?" mmoja akauliza. Namkunda akaona pakiti mfukoni mwa shati.

"Hii ni ya sukari. Shemeji, wewe una sukari?"

"Sina hata ya chai," akajibu kwa ulimi mzito.

Namkunda alikumbuka jinsi dawa ile ilivyomfanya mumewe alipoimeza bila kula. Akamlisha asali angali anaweza kumeza, na macho yakafunguka.

Lakini asali haikumshikilia. Akaanza kulegea tena. Mvua ilikuwa imeharibu njia na hakuna pikipiki iliyopanda. Elifasi akambeba baba yake mdogo mgongoni mpaka zahanati. Nesi alipokwisha kumtundikia dripu alisema asali peke yake isingemfikisha jioni. Alipoambiwa dawa zilivyogawiwa akauliza, "Hizo nyingine ziko wapi? Zirudisheni kwetu. Msitupe chooni wala mferejini, wala msichome jikoni. Zina utaratibu wake wa kuteketezwa."

Habari zikamfikia Nakiete. Hakulia. Alianza na nyumba ya Senzota, akamkuta mkewe anamkorogea mtoto kidonge cha marehemu kwenye kijiko.

"Wifi, ana joto. Nampa nusu tu."

Nakiete akamshika mkono, na hakumwachia mpaka kijiko kikawa kitupu na mtoto hajaonja. Kisha akaenda kwa wengine. "Zawadi ya marehemu hairudi," walimwambia. "Nilikupa mimi, naichukua mimi," akawajibu, "au unataka nije kugawa na vitu vyako?" Walicheka, wakazitoa zote.

Senzota alipopona alileta ndama wake jike, wa pekee. "Huyu ni wa aliyeniokolea nyumba yangu," alisema. "Ni mmoja na hakatwi. Semeni ni nani."

"Ni mama," alisema Elifasi. "Bila yeye ningebeba maiti."

"Na bila mgongo wako, mwanangu, asali ile ingekuwa ya kumuagia."

Nakiete alikaa pembeni. "Huyo naye tumpe ndama kwa kuuzima moto aliouwasha?" binamu mmoja akatania.

"Mfuko niliuacha mimi juu ya sanduku," Namkunda akasema. "Tukianza kumtafuta aliyewasha, tutafika kaburini kwa Mbonea."

Hapo ndipo wote walipokwama, nami hukwama hapo hapo kila ninapowaza. La dawa halikuwasumbua. Waliamua kwamba kurudisha si kutupa, na kuanzia sasa dawa za marehemu ziteremshwe zahanati kabla ya shati la kwanza kugawiwa. Nakiete ndiye aliyeuteremsha mfuko ule. Hakukubali kupokewa mzigo njiani. Lakini ndama bado amefungwa uani. Watatu wote wanamkatia majani, na hakuna anayemwita wake.

Je, kamba yake ingekuwa mkononi mwako, ungemkabidhi nani?