Makosa Kumi na Tisa ya Nyamizi

Wewe hapo, umewahi kuomba mtu unayempenda ashindwe? Usinijibu bado.

Hapo zamani, si zamani sana, maana fomu zilikuwa tayari nyingi kuliko madawati, Nyamizi aliishi na bibi yake kipofu. Wawili tu. Darasa la pili lilitoka saa tano asubuhi. La tatu lilitoka saa tisa alasiri. Yashike hayo.

Kila mwaka mkaguzi, Bwana Lugendo, alikuja kuwapima watoto wa darasa la pili kusoma kwa sauti; aliyekosea maneno kumi na tisa au zaidi hakupanda. Mwaka wa kwanza Nyamizi akasoma, akakosea maneno kumi na tisa. Arudie darasa. Mwaka wa pili akasoma, akakosea kumi na tisa. Arudie. Wenzake wakapanda. Yeye akabaki dawati la mbele, magoti yakiligonga kwa chini, wadogo wakimwita shangazi.

Mwaka wa tatu akasoma. Kumi na tisa.

Lugendo alikwishainua kalamu alipotupia jicho safu ya pili ya fomu, ile ya maswali matano ya ufahamu. Matano kwa matano. Akatoa fomu za nyuma. Matano kwa matano. Matano kwa matano.

“We mtoto, hadithi uliyoivuruga hivi umeielewaje?”

Lugendo akaagiza bibi aletwe.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba. Amefanya nini?”

Mwalimu Kabula, aliyemfundisha miaka yote mitatu, akawahi kujibu. “Anajua kusoma. Nilimkuta akiwasomea wadogo gazeti lililofungiwa maandazi, bila kukwama. Nikanyamaza. Nina watoto themanini na sita, na niko peke yangu, yeye ananisaidia. Kosa langu liko wapi?”

“Mimi nahesabu maneno,” akasema Lugendo. “Fomu haina mahali pa kuuliza kwa nini. Kosa langu liko wapi?”

“Safu ya pili hukuiona miaka miwili?”

“Ilikuwa imejazwa, mwalimu. Nikaona yatosha.”

Nyamizi akasimama. “Nilikosea mwenyewe. Sikutumwa na mtu. Bibi mwacheni.”

Bibi akapapasa hewani mpaka akaupata mkono wa mjukuu wake.

“Kaa, mama. Umenibeba vya kutosha.” Akageuza uso kule alikoisikia kalamu ikigongagonga meza. “Baba, saa tano mtoto huyu anafika, ananisomea chochote, hata karatasi ya sabuni. Akipanda la tatu, nimsubiri mpaka saa tisa? Nyumba ile haina hata kuku wa kumfukuza. Mimi ndiye niliyemwambia asome vibaya. Na hesabu nikampa mimi: kumi na tisa, usizidishe, wasije wakakuona mjinga.”

Lugendo akailaza kalamu juu ya fomu.

Haya, sasa nijibu. Je, nani alistahili lawama? Na kesho Nyamizi atoke saa ngapi?