Cheni Hupimwa Mzigo Ukiwa Juu

"Cheni hupimwa mzigo ukiwa juu." Jana mlimsikia mjomba akimwambia bwana harusi, mkacheka mkidhani anazungumzia pikipiki. Basi kaeni vizuri, maana methali hii ilianza hivi.

Chini ya mlima Kwemzinga palikuwa na kijiwe cha bodaboda chenye sharti lake. Mgeni hapewi nafasi mpaka ampandishe mwenyekiti, mzee Shekiondo, hadi kileleni bila mguu wa mzee kugusa chini. Na mzee huyo alijaaliwa mwili wa watu wawili.

Akaja Mwantumu, mwanamke wa kwanza kuomba. Shamba lake lilikuwa limechukuliwa na maporomoko. Pikipiki ndiyo iliyobaki kuwa jembe lake. Asubuhi hiyo aliikaza cheni mpaka ikawa ngumu kama waya wa uzio, akiamini ndiyo nguvu. Mzee akapanda, pikipiki ikalia, na kwenye tuta la kwanza cheni ikakatika. Mguu wa mzee ukagusa chini.

"Rudi jikoni, dada!" vijana wakapiga kelele.

"Nitarudi alasiri," akajibu. Moyo ulimuuma, lakini hakuwapa machozi yake.

Akaiunga cheni. Alipokiegemea kiti kuijaribu, akaona jambo: kiti kikibonyea, cheni inajikaza yenyewe. Alasiri akarudi kijiweni na spana.

"Mwenyekiti, naomba ukae."

"Tunakwenda?"

"Bado. Nataka kurekebisha cheni."

Kijiwe kikaangua kicheko. "Fundi gani hurekebisha cheni abiria akiwa juu?"

"Mimi. Mlima huu siupandi na pikipiki tupu."

Akalegeza nati ya kulia, akalegeza ya kushoto, akilinganisha alama za pande zote mbili ili gurudumu la nyuma lisikae mshazari. Akaibonyeza cheni kwa kidole mpaka akaona inacheza kidogo, mzee yuko juu vilevile. Mzee aliposhuka kujinyoosha, cheni ikaning'inia, na mtu akasema imelegea mno. Mwantumu akamngoja mzee apanguse viatu na kupanda tena. Akawasha.

Wakaupanda mlima, tuta baada ya tuta. Kileleni mzee Shekiondo akakataa kushuka.

"Nirudishe hivihivi, mwanangu. Nataka wauone mguu wangu."

Kijiweni akauinua mguu mbele ya vijana wake, kiatu kikiwa hakina hata vumbi. "Sogeeni," akasema, "mpisheni dada yenu aegeshe."

Tangu hapo, mtu akijitapa kwa jambo ambalo bado hajalibeba, watu wa huko humtazama tu, wakamwambia: cheni hupimwa mzigo ukiwa juu.