Mwambie Babu Yako

Mfano huu aliutoa kwanza marehemu shangazi yangu, Tusajigwe, Jumapili ya shukrani ya mavuno mwaka 1983. Aliwasimulia akina mama waliokuwa wakiosha sufuria nyuma ya kanisa. Wako katika ukoo wetu wanaosema ilikuwa 1984, lakini mwaka 1984 kanisa lilikuwa limekwisha kuezekwa bati, na shangazi alikumbuka vizuri kwamba siku ile nyasi za paa zilikuwa zinawadondokea kwenye vyombo. Hakutaja jina la mtu yeyote katika mfano huu, nami sitataja.

Kulikuwa na mzee mmoja, mkulima wa maharage huku kwetu milimani, aliyekuwa na mwana askari. Mwana huyo alikwenda vitani Kagera. Mzee alimwombea kila asubuhi. Vita vikaisha, na mwana akarudi akiwa na mikono yake yote miwili na miguu yake yote miwili. Furaha iliyoje! Mbuzi alichinjwa, vigelegele vikapigwa, na mzee akasimama kanisani akasema, "Bwana amenirudishia mwanangu mzima."

Mzima. Neno hilo lishikeni, ndugu zangu.

Ukafika wakati wa kupura maharage. Mnajua kazi ile: maganda makavu yanatandazwa uwanjani, watu wanayazunguka, fimbo zinapanda na kushuka kwa pamoja. Fimbo zilipoanza kulia, yule askari aliitupa yake, akakimbilia kwenye migomba, akalala kifudifudi. Watu walishangaa kidogo, kisha wakacheka. Jirani mmoja, mtani wa mzee, akapaza sauti:

"Haya, jamani! Mizinga ya Amini kaiweza, maharage yamemshinda!"

Mzee hakucheka. Aliona aibu. Siku zile zilizofuata aliwauliza watu. Alimuuliza mdogo wa askari, naye akasema, "Baba, kaka amezoea kula bure jeshini, kazi imemchosha." Akamuuliza mganga, naye akasema ni damu ya watu waliokufa vitani, aletewe kondoo. Akaniuliza hata mimi? Hapana, mimi sikuwepo. Lakini angeniuliza, pengine ningemjibu upuuzi kama wao.

Basi mzee akatoa tangazo: "Jumamosi tunapura uwanja wa pili. Mwanangu ndiye atakayepiga fimbo ya kwanza, mbele ya watu wote. Akikimbia tena, shamba la bondeni nampa mdogo wake, na yeye mwenyewe atafute pa kwenda. Mimi sikuzaa mwoga."

Sasa niwaulize: katika boma lile, ni nani aliyejua ukweli? Ni mke wa yule askari. Lakini mnakumbuka desturi yetu ya zamani. Mke wa mwana hakutazamana na baba mkwe. Hakumsemesha, hakupita mbele yake. Akimwona njiani alijifunika kanga na kuinama kando. Mama mkwe, ambaye angeweza kupeleka maneno, alikuwa amekwisha kufariki. Mwanamke yule alimwendea shemeji yake, naye akamcheka: "Shemeji, unamdekeza mumeo." Njia ikafungika hapo. Mwenye habari hana ruhusa ya kusema, na mwenye amri hana ruhusa ya kumuuliza.

Ijumaa asubuhi mzee alikuwa nyuma ya ua wa matete, anachonga fimbo za kesho. Akasikia mtu amesimama upande wa pili wa ua. Akajua ni mkwe wake. Adabu ilimtaka aondoke. Kabla hajainuka, akasikia sauti. Mwanamke hakuwa anasema naye. Alikuwa anasema na mtoto aliyembeba mgongoni.

"Mwanangu," alisema, "mwambie babu yako asikasirike. Mwambie baba yako hakimbii kazi."

Mtoto mwenyewe alikuwa anatafuna ncha ya kanga.

Mzee akakohoa. Akabaki ameketi, kisu mkononi. Kisha akasema, "Mjukuu wangu, muulize mama yako: kama si kazi, anakimbia nini?"

"Mwambie babu, anakimbia mlio. Fimbo zikilia pamoja, jasho linamtoka, moyo unamwenda mbio, na tukimwita yeye hasikii. Juzi mvua ya mawe ilipiga bati la jikoni. Alituvuta chini ya kitanda, mimi na wewe, akatulalia juu. Mwambie babu hakuwa anajificha. Alikuwa anatukinga."

"Muulize, analala?"

"Halali. Hukaa kizingitini. Na sikio la kushoto linamlilia kama nzi aliyeingia ndani."

"Mjukuu wangu, mbona mimi sikuambiwa?"

Mwanamke akamweka mtoto vizuri mgongoni. Kisha akasema, kwa upole, "Mwanangu, mwambie babu aliwauliza wote wanaoruhusiwa kumjibu. Wao hawalali nyumba moja na baba yako."

Mwanamke akasikia kisu cha mzee kikianguka chini.

Jumamosi watu wakaja na fimbo zao. Askari akasimamishwa mbele, midomo imemkauka. Fimbo ya kwanza ilikuwa mkononi mwa baba yake, na watu wakasubiri ampe. Mzee akaiweka chini. Akavua viatu, akakunja suruali, akaingia katikati ya maganda na kuanza kuyakanyaga kwa miguu.

Yule mtani akaangua kicheko. "Mzee! Leo umekuwa ng'ombe?"

"Leo mimi ni ng'ombe," mzee akajibu bila kusimama. "Na wewe unangoja kuchapwa ndiyo uingie?"

Watu wakacheka, wakatupa fimbo, wakavua viatu. Kazi ilichelewa sana, na maharage mengi yalibaki ndani ya maganda, lakini yule askari naye aliingia, akakanyaga bega kwa bega na baba yake, na hakuna aliyekimbia.

Mngedhani mfano unaishia hapo. Haukuishia hapo. Mzee yule alielewa kwamba kunyamazisha fimbo si kutibu ugonjwa. Jumatatu alimpeleka mwanawe hospitali, na akaagiza mkwe wake afuatane nao. Daktari akauliza, "Nani anaweza kunieleza hali ya mgonjwa huyu?" Askari aliinamisha kichwa. Mkwe aliinama kwa adabu. Mzee, mwenye boma, mwenye kauli, akageuza kiti chake, akautazama ukuta. Akasema:

"Mwanangu, mweleze daktari. Mimi sikuoni, lakini nakusikia."

Hakusema tena na mjukuu. Alisema na mkwe wake mwenyewe.

Ndugu zangu, sisi ni watu wa shukrani, na tumshukuru Mungu kwa hilo. Kijana akirudi kutoka vitani, au kutoka kulinda amani nchi za watu, tunachinja, tunaimba, tunatoa sadaka. Ni vyema. Lakini shukrani yetu ina haraka. Tukihesabu mikono na miguu ikatimia, tunasema "mzima", na tangu hapo kila kinachomsumbua tunakiita uvivu, kiburi, ulevi au mapepo. Je, tumemuuliza kama analala? Tumeona anavyoshtuka mlango ukigongwa? Yule anayekunywa peke yake, anayewaka hasira kwa jambo dogo, anayekaa kimya katikati ya sherehe tuliyomwandalia, tumewahi kufikiri kwamba anaumwa? Huo ni ugonjwa kama malaria ilivyo ugonjwa, na una wauguzi wake na dawa zake. Maombi na hospitali havigombani. Mzee yule aliomba asubuhi, akapanda gari kwenda kwa daktari.

Na tujiulize jambo moja zaidi. Nyumbani kwetu, ni nani anayejua na hatujampa nafasi ya kusema? Pengine ni mke, au binti, au mama aliyezeeka tunayedhani hana jipya. Tusingoje aje asimame nyuma ya ua. Tumwulize leo, tukitoka hapa.

Askari yule hakupona mara moja. Alikwenda hospitali kwa miaka kadhaa, na sikio halikurudi. Lakini usingizi ulirudi, na shamba la bondeni alilima yeye. Mkewe alisema shukrani kubwa aliyowahi kuona si ile ya mbuzi, ni ile ya wanaume wazima waliovua viatu.

Shangazi Tusajigwe alifariki mwaka 2004. Mzee yule alimtangulia, na mtani wake pia, aliyewaambia watu hadi mwisho kwamba ndiye aliyekuwa ng'ombe mzuri zaidi siku ile. Mdogo wa askari amefariki. Walio hai ni askari mwenyewe, mkewe, na yule mtoto wa mgongoni, ambaye sasa naye ana wajukuu.