Shikamoo Isiyoitikiwa

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitika kama mmeshinda njaa? Paukwa!

Pakawa!

Miguu mnayo?

Tunayo!

Migongo mnayo?

Tunayo!

Mikono mnayo?

Tunayo!

Haya, ishikeni vizuri, maana kwenye hadithi hii kuna mtu anaikusanya. Na wewe unayeng'ata kucha huko nyuma, sogea huku nikuone.

Basi, hapo kale, katika kijiji cha mlimani, aliondokea mama mmoja jina lake Bi Siwatu. Alikuwa na binti mmoja tu, Kidawa. Kidawa alizaliwa na miguu isiyosimama. Akakua, akawa mwanamke mzima, mwenye maneno matamu na vidole vyepesi vya kusuka ukili wa mikeka, lakini miguu ikabaki vilevile.

Basi Bi Siwatu akambeba. Alimbeba akiwa mchanga, akambeba akiwa kigoli, akambeba akiwa mtu mzima. Kila asubuhi alimfunga mgongoni kwa mbeleko, akashuka naye mtoni kumwogesha, akapanda naye hadi kwenye banda la wasuka mikeka, na jioni akamrudisha. Jirani yao, Bi Mize, kila mara alimwambia, mwenzangu, tupokezane. Bi Siwatu alikataa. Alisema mtoto ni wake na mgongo ni wake.

Na kila kulipokucha, kabla ya neno lolote, Kidawa alisema, "Shikamoo, mama." Mama akajibu, "Marahaba, mwanangu." Siku yao ilianza hivyo.

Miaka ikaenda. Nyinyi mnadhani uzee unaanza kichwani, kwenye mvi. Unaanzia kwenye nyama. Mapaja ya Bi Siwatu yakalegea, mikono ikabaki ngozi inayoning'inia, na mchi aliokuwa akitwangia mpaka mchana ukamshinda kabla jua halijapanda.

Siku moja akajifunga mbeleko, akapiga goti, akajaribu kuinuka na Kidawa mgongoni. Magoti yakakataa. Akajaribu tena, yakakataa. Mara ya tatu wakaanguka wote wawili, mama chini na binti juu, wakalala palepale kwenye vumbi.

Bi Siwatu alilia siku ile mpaka akakauka koo. Alikuwa anajiuliza jambo moja tu: nikishindwa mimi, mwanangu atabebwa na nani?

Sasa, juu ya kijiji kulikuwa na pango, na ndani ya pango lilikaa zimwi. Uso wake ulikuwa wa kikongwe wa miaka mia tatu, umekunjamana kama tambara lililokamuliwa. Lakini kuanzia shingoni kushuka, zimwi lilikuwa kijana wa miaka ishirini, kifua kimejaa, mapaja yamejaa. Watu walijua kwamba linaondoa uzee. Walijua pia kwamba waliokwenda huko hawapendi kusimulia.

Bi Siwatu akapanda, pengine kwa miguu, pengine kwa kutambaa, kutwa nzima. Zimwi likamsikiliza mpaka mwisho. Likambonyeza paja kwa kidole kama mtu anayechagua kuku sokoni, likasema dawa ipo, tena rahisi.

"Kwa asubuhi tatu, usiitikie shikamoo ya kwanza utakayopewa. Nyamaza tu. Asubuhi ya kwanza itaondoka miaka ya miguuni, ya pili itaondoka ya mgongoni, ya tatu itaondoka ya mikononi."

"Na wewe unataka nini?"

"Siku ya saba nitakuja kumchukua mzee wa nyumba yako. Nyama ya mzee imekolea miaka, ndiyo niipendayo."

Bi Siwatu akawaza kimoyomoyo. Nyumbani tuko wawili. Siku ya saba mimi nitakuwa kijana, na Kidawa ni kijana. Zimwi litakuta nyumba haina mzee, lirudi na njaa yake. Akakubali upesi, zimwi lisije likashtuka. Akateremka mlima akijiona mjanja.

Miaka ikitoka inakwenda wapi, hakuuliza. Mnacheka? Ngojeni.

Asubuhi ya kwanza Kidawa akasema, "Shikamoo, mama." Bi Siwatu akanyamaza. Neno lilikuwa limeshamfika ulimini, akalimeza. Papo hapo akasikia joto likipanda kutoka nyayoni, mapaja yakajaa, magoti yakakaza, akasimama. Akamtazama Kidawa, akamwona yuko salama. Miguu ya Kidawa ilikuwa imekauka zaidi, lakini miguu ile nani alikuwa anaitazama?

Asubuhi ya pili Kidawa akasema, "Shikamoo, mama." Bi Siwatu akanyamaza. Mgongo wake ukanyooka. Akamfunga Kidawa mbeleko, akashuka naye mtoni anaimba. Lakini Kidawa alimlalia begani, akasema mgongo unauma, hawezi kukaa wima. Mama akasema ni baridi ya mto. Kidawa akamuuliza kama amemkosea kitu, mbona siku hizi hamwitikii. Bi Siwatu akajitia hakusikia, na moyo ukamuuma kweli, ila akajisemea bado asubuhi moja tu.

Asubuhi ya tatu Kidawa akasema, "Shikamoo, mama." Sauti ilikuwa ndogo. Bi Siwatu akanyamaza. Mikono ikajaa nguvu, akadaka mchi, akatwanga kinu kizima bila kupumzika. Alipogeuka amwonyeshe mwanawe, akakuta ukili umemdondoka. Vidole vya Kidawa vilikuwa vimepinda na vinatetemeka. Kichwa kilikuwa cheupe. Uso wa Kidawa ulikuwa uso wa Bi Siwatu mwenyewe wa juma lililopita.

"Mama," akasema Kidawa, "shikamoo ni kushika miguu. Nimekushika siku tatu, hukunipokea. Sasa nilichokishika nimebaki nacho."

Mchi ukamponyoka Bi Siwatu mkononi.

Alikimbia mpaka pangoni kwa ile miguu mipya, na kila hatua aliilaani. Zimwi likamwambia halijaiba kitu. Likasema umri hautupwi, unahama tu, na lilijua tangu mwanzo ni nani huwa wa kwanza kumwamkia. Bi Siwatu akapiga magoti, akasema nichukue mimi. Zimwi likasema wewe ni kijana, na tuliagana nichukue mzee. Akaomba tena, akaomba mara ya tatu. Zimwi likalala, likamgeuzia kisogo.

Akarudi nyumbani amekwisha. Akamweleza Kidawa yote bila kuficha, kamasi na machozi pamoja. Kisha akamwambia dawa anayoiona ni moja. Kesho yeye ndiye atakayeamkia, na Kidawa anyamaze, ili miaka irudi kwa mwenyewe.

Kidawa akashika mdomo. Mama kumpa mwanawe shikamoo! Wenzangu, mliwahi kusikia jambo hilo wapi?

Asubuhi ya nne Bi Siwatu akapiga magoti kwenye mkeka. Akaishika miguu ya Kidawa kwa mikono yake miwili, ile miguu aliyoiogesha tangu haijajaa kiganja. Akasema, "Shikamoo, mwanangu."

Kidawa akasema, "Marahaba."

Bi Siwatu alihisi roho inataka kumtoka. "Kidawa, nilikwambia unyamaze. Unataka kuliwa?"

"Nilikusikia, mama. Lakini asubuhi ya kwanza ni ya miguu. Hii yangu haijanifaa tangu nizaliwe, hiyo miaka iache ikae humuhumu. Wewe baki na miguu mizima."

Bi Siwatu akalaza kichwa juu ya magoti ya mwanawe, akalia kama mtoto mdogo.

Asubuhi ya tano akasema, "Shikamoo, mwanangu." Kidawa akang'ata mdomo mpaka ukatoa damu, akanyamaza. Mgongo wa Bi Siwatu ukapinda, wa Kidawa ukanyooka. Asubuhi ya sita akasema, "Shikamoo, mwanangu." Kidawa akanyamaza. Mikono ya Bi Siwatu ikanywea na kichwa kikawa cheupe, na vidole vya Kidawa vikarudi vyepesi kama zamani.

Sasa mzee wa nyumba alikuwa Bi Siwatu. Kesho ndiyo siku ya saba, na swali lake likawa lilelile, limezidi uzito: nikiliwa mimi, mwanangu atabebwa na nani?

Basi akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Akaenda kwa Bi Mize, akasimama mlangoni, akasema, "Mwenzangu, nisaidie kumbeba. Mgongo wangu umeshindwa."

Bi Mize hakumsimanga. Alisikiliza habari ya zimwi mpaka mwisho, akachukua mbeleko, akaja kumfunga Kidawa mgongoni, akampeleka kwake. Ilikuwa mara ya kwanza Kidawa kubebwa na mgongo mwingine. Kisha Bi Mize akapita nyumba hata nyumba, akinong'ona kwamba kesho alfajiri waje kutwanga kwa Bi Siwatu, na mtu asimpe shikamoo.

Siku ya saba, kulipopambazuka, uani kwa Bi Siwatu palijaa wanawake, huyu na kinu chake, yule na ungo wake, wanatwanga na kupepeta kana kwamba hakuna lolote. Ndani, Bi Siwatu alijilaza kwenye mkeka wa Kidawa, akajifunika gubigubi kanga ya Kidawa.

Zimwi likaja kwa sura ya kijana, kilemba kimeufunika uso. Likapita katikati ya wanawake, wote wakaacha kazi, wakalikodolea macho. Kijana gani huyu anaingia kwa watu bila kumwamkia mwenye nyumba? Zimwi likaona hapa litashtukiwa. Na kwa kuwa lilidhani aliyelala ni Kidawa, na Kidawa amelelewa vizuri, ataitikia tu, likasimama mlangoni, likasema, "Shikamoo, bibi."

Bi Siwatu akanyamaza.

Ndiyo ilikuwa shikamoo ya kwanza ya asubuhi ile. Ikatafuta miaka miguuni kwake, isiikute. Ikapanda mgongoni, ikaikuta, ikaishika, ikaondoka nayo. Mgongo wa zimwi ukalia kah! Likaanguka kwa mikono na magoti, kilemba kikadondoka, wanawake wakauona ule uso wa miaka mia tatu. Hawakukimbia. Walikuwa na michi mikononi. Zimwi likatoka pale linatambaa, na Bi Mize akalisindikiza mpaka njia panda, na sisemi alilisindikiza kwa kitu gani. Halikusimama wima tena, na hata pangoni halikuonekana.

Bi Siwatu akainuka. Miguu mizima, mgongo mzima, mikono ya kizee. Hakushika mchi tena maisha yake yote, na fundo la mbeleko hakuweza kulikaza. Kidawa ndiye aliyelifunga kwa vidole vyake, na mama akambeba. Alipochoka alisema nimechoka, na Bi Mize akapokea. Bi Mize alipochoka, alipokea mwingine.

Na kila asubuhi Kidawa akisema "Shikamoo", mama aliitikia hata kabla neno halijaisha, kwa hofu. Hofu hiyo haikumtoka mpaka siku aliyofariki. Na siku hiyo ilifika, kwa sababu inafika kwa kila mtu. Lakini Kidawa hakulala kwenye vumbi hata siku moja.

Hadithi yangu imeishia hapo, kama kuna kipande kilichobaki kimechukuliwa na zimwi.

Mafunzo yake ni haya. Umri ukiukataa, utamwangukia mtu mwingine, na mara nyingi ni yule unayempenda. Mzigo ukikulemea, sema, watu wakupokee. Na ukiamkiwa shikamoo, itikia.

Haya, kalaleni. Kesho mkija kuniamkia msiogope. Mimi nitaitikia.