Nyamizi na Jogoo Aliyerudisha Siku

Paukwa!
Pakawa!
Mbona wa huko nyuma mnaitikia puani? Paukwa!
PAKAWA!

Hapo zamani za kale, lakini si kale sana, maana shule zilikuwa zimeshafika na kuku walikuwa hawajaacha kusema, palikuwa na msichana wa darasa la saba, jina lake Nyamizi. Sauti yake ilikuwa nene, nene, nene! Akibisha hodi, watu humjibu, "Karibu, mzee!"

Asubuhi moja mbuzi akaula ufagio wake wa shule. Nyamizi hakujali. Kesho mama anarudi kutoka hospitali na mtoto mchanga!

Shuleni, mwalimu wa zamu akamwambia, "Nyamizi, leo utatuimbisha mchakamchaka." Shule nzima ilikuwa imejipanga kwa mbio za asubuhi.

Mwenzake Lugendo akacheka, "Jamani, kaeni pembeni, trekta linawashwa!"

Nyamizi akashika shingo. "Koo linaniuma, Mwalimu." Akaachwa asiimbe, usiku ukaingia.

Akalala. Jogoo akawika. Lo! Mbuzi anaula ufagio ule ule!

"Baba, mama anakuja leo?"

"Kesho, mwanangu."

Shuleni, mwalimu yule yule, maneno yale yale. Nyamizi akaimba kwa kisauti cha kuazima, chembamba kama cha kifaranga. Nani asikie? Mistari ikavurugika, wadogo wakakanyagana.

Akalala. Jogoo akawika. Mbuzi, ufagio!

"Baba, mama anakuja leo?"

"Kesho, mwanangu."

Nyamizi akamvamia jogoo bandani. "Wewe! Mbona huiiti kesho? Namtaka mama yangu!"

"Mimi huita siku," jogoo akasema, "na kila mtu huiitikia kwa sauti yake, ndipo ipite. Imebaki yako tu. Hebu fikiri, na mimi nikiwika kama kifaranga, nani ataamka?"

Nyamizi akapiga magoti palepale kwenye manyoya. "Ee Mungu, nisamehe. Koo halikuniuma. Nilikionea haya ulichonipa."

Akatoka mbio, mbio, mbio! Hata kabla mwalimu hajamaliza kusema, yuko mbele ya mistari.

"Trekta hilooo!" Lugendo akapiga kelele.

Nyamizi akafungua kifua: "Trekta ndilo hili!"

Madirisha yakatetemeka. Kisha mtoto mmoja wa darasa la kwanza akaitikia, "Ndilo hili!"

"Pandeni nyuma!"

"Pandeni nyuma!"

"Tukalime!"

"TUKALIME!" Shule nzima ikaitika, miguu ikapiga chini kama mguu mmoja, vumbi juu! Lugendo naye akaimba mpaka sauti ikamkauka.

Akalala. Jogoo akawika. Nyamizi akachungulia uani. Mbuzi anatafuna ndala ya baba!

"Asante Mungu! Siku mpya!"

Kabla jua halijapanda, mama huyo mlangoni, na mtoto mgongoni. Mtoto akafumbua kinywa: "NGWAAA!" Kuku wakatawanyika.

Lugendo, aliyekuja kumwona mtoto, akashika kichwa. "Ee! Kumbe trekta lina tela!"

Watu wakaangua kicheko, na Nyamizi akacheka kuliko wote. Akampokea mdogo wake, akamnong'oneza kwa ile sauti yake nene, "Lia, mwanakwetu. Lia hivyo hivyo."

Hadithi yangu imefika mlangoni, nami naishia hapo. Jogoo akiwika kesho, kila mtu aitike kwa sauti yake.