Wageni wa Sultani wa Kitamanga

Hapo zamani sana, katika mji ulioitwa Kitamanga, alikuwapo mwezekaji wa mapaa jina lake Ngwali. Mali yake yote ilikuwa ngazi, kisu, na ulimi. Watu walimwita punguani, kwa kuwa alifanya lile aliloambiwa, si lile lililokusudiwa. Mtu mmoja alimwajiri akamwambia, "Niezekee vizuri, hata nikiwa ndani nisiione mbingu." Basi Ngwali akaezeka paa, akaziba na madirisha, na ulipobaki mlango akamwita mwenye nyumba aingie kwanza ndipo auzibe. Mkewe, Mize, ambaye hakuwa mtu wa kucheka hovyo, aliposikia habari ile alikaa chini kwa kicheko.

Ikawa mwaka mmoja ikaja tufani ambayo hata wakongwe hawakupata kuona mfano wake. Ikang'oa mapaa, ikalaza mpunga na mtama, ikachukua mbuzi na kuku. Mtu angedhani mwezekaji sasa atatajirika. Lakini minazi nayo ilikuwa chini, makuti hayapatikani, na hata yangalipatikana, ni nani aliyebaki na cha kumlipa? Tena Mize alikuwa amejifungua mtoto wa kike, na kwa njaa maziwa yake yakaanza kupungua. Mtoto akilia, Ngwali hutoka nje akajifanya anatengeneza ngazi.

Basi Sultani wa Kitamanga akapata habari. Alikuwa mtu wa huruma, ila hakuzoea kutoka nje ya kasri lake. Habari za mji alizisikia akiwa juu ya zulia. Akaamuru ghala lake lifunguliwe, na mpiga mbiu akapita akitangaza, "Enyi raia, kila nyumba ije ichukue kikapu cha mchele. Ndiyo auni ya Sultani kwenu!" Watu wakalia kwa furaha. Ngwali akatwaa kikapu, akaenda mbio.

Akapewa mchele wake, mweupe, umejaa hata unamwagika. Lakini alipotoka mlangoni mwa ghala alimkuta Bwana Mahfudhi ameketi juu ya kiti, watumishi wake nyuma wameshika magunia matupu, na ubavuni pake askari wa kadhi. Huyu Mahfudhi ndiye tajiri aliyekopesha mji mzima. Ngwali mwenyewe alichukua kwake makuti kwa mkopo, na tufani ikayapeleka asikokujua.

"Ngwali, hujambo?"

"Sijambo, Bwana Mahfudhi. Shikamoo."

"Marahaba. Mkeo amejifungua salama?"

"Salama, alhamdulillahi. Mtoto wa kike."

"Mungu amkuze. Haya, mimina." Mtumishi akafungua mdomo wa gunia.

Ngwali akakikumbatia kikapu. "Bwana, huu mchele ni wa Sultani."

"Ulikuwa wa Sultani ulipokuwa mle ndani. Umetoka mlangoni, umekuwa wako. Na kilicho chako mimi nakidai. Kadhi amekwisha hukumu, na askari wake ndiye huyu."

"Mama wa mtoto hajala tangu jana, Bwana."

"Nimesikitika," akasema Mahfudhi, na huenda alisikitika kweli, maana aliangalia pembeni. "Mimina."

Ngwali akamimina. Nyuma yake watu walikuwa wamepanga mstari, nao mmoja mmoja wakamimina. Hata jua lilipopanda, ghala la Sultani lilikuwa limepungua, la Mahfudhi limejaa, na mji uko na njaa ile ile.

Mize akakipokea kikapu kitupu. Akachokoa kwa ukucha punje zilizonasa katika ukindu, akasema, "Kumbe Sultani alikuwa akimpelekea Mahfudhi zawadi, na sisi ndio wachukuzi."

Ngwali akasimama. "Wachukuzi, umesema?"

"Ndiyo, wachukuzi."

"Wachukuzi hulipwa," akasema, akatoka.

Alimkuta Sultani barazani pamoja na mawaziri wake. Ngwali akainama, akanena, "Ewe Mawlana, Mungu akuzidishie umri. Nimekuja kupokea ujira wangu."

"Ujira wa kazi gani?"

"Wa uchukuzi, Mawlana. Leo nimebeba kikapu cha mchele kutoka ghala lako hata gunia la Bwana Mahfudhi. Na mji mzima umebeba pia, ila wenzangu wana haya ya kudai. Tunaomba pia, siku nyingine ukitaka kumpelekea Bwana Mahfudhi zawadi, umtumie punda, kwa sababu punda hana mke wa kumweleza."

Sultani uso ukamwiva, akaamuru kadhi na Mahfudhi waitwe mara moja. Wakaja. Kadhi, Sheikh Burhani, alikuwa mtu mwadilifu, tena mkali wa sheria, akasema, "Mawlana, mimi mwenyewe sikulala vizuri kwa hukumu hii. Lakini kitu ukimpa mtu, kikaingia mkononi mwake, kimekuwa mali yake. Na mwenye kudai ana haki katika mali ya mdaiwa. Siwezi kusema vingine."

"Nami niliapa siku ya kutawazwa," akasema Sultani, "kwamba sitaitangua hukumu ya kadhi." Akageuka kwa Ngwali, na kwa kuwa alikuwa ameaibika, hasira zake zikatafuta pa kutua. "Wewe mwenye ulimi mrefu! Nakupa hata Ijumaa. Niletee njia ambayo mchele wangu utaingia tumboni mwa mdaiwa pasipo kuwa mali yake hata kwa kitambo cha kupepesa jicho. Usipoileta, utaezeka kasri langu na mabanda yangu yote bure, wala hutaambiwa ahsante."

Mahfudhi akacheka kwa sauti. "Akiileta, Mawlana, mimi nitarudisha kila punje niliyochukua!"

"Mmesikia wote," akasema Sultani.

Ngwali akarudi kwake. Alijua kutania, jambo kama lile hakulijua. Njiani akaanza kuhesabu mabanda ya Sultani, kisha akaona ni afadhali aache.

Siku zile jirani yao, kikongwe mmoja aitwaye Bi Riziki, alikuwa amechimbua mihogo iliyosalia shambani kwake. Naye hakuwa na deni kwa mtu, kwa sababu hakuna aliyewahi kuthubutu kumkopesha. Akawaita Ngwali, Mize na mama yake Mize waje wale kwake. Wakala kimya, kama walavyo wenye njaa. Katikati ya kula, mama mkwe akachukua kipande cha muhogo kwa siri, akakifunga katika upindo wa nguo yake.

Bi Riziki akamwona. "Ewe somo yangu!" akasema. "Kula hata upasuke, sitakuzuia. Lakini cha kufunga sikukupa. Nimekukaribisha, sikukugawia. Kilicho katika sahani yangu ni changu mpaka umekimeza!"

Mama mkwe akacheka kwa aibu, akakirudisha. Mize naye akacheka. Lakini Ngwali alikuwa ameshika kipande chake karibu na mdomo, anakitazama kama mtu aliyeona pete ndani ya samaki.

"Una nini?" akauliza Mize.

"Bi Riziki," akasema Ngwali, "huu muhogo ni wa nani?"

"Ni wangu, punguani wee!"

Akautia mdomoni, akaumeza. "Na sasa?"

"Sasa nautaka urudi?" akasema Bi Riziki. "Hebu nipishe!"

Ikafika Ijumaa. Baada ya sala, baraza la Sultani likajaa hata watu wakasimama uani, na Mahfudhi ameketi mbele, amevaa joho lake zuri. Ngwali akaingia na nguo yake yenye viraka, akainama kwa Sultani, kisha akamwelekea kadhi.

"Sheikh Kadhi, nina swali dogo. Ukialikwa nyumbani kwa Bwana Mahfudhi, ukawekewa sahani ya wali mbele yako, wali ule ni mali ya nani?"

"Ni mali ya Mahfudhi."

"Hata ukiwa umeushika mkononi?"

"Hata nikiwa nimeushika. Mgeni ameruhusiwa kula, hakumilikishwa. Hawezi kuuuza, wala kumpa mtu, wala kuuchukua kwenda nao kwake. Ni wa mwenyeji mpaka mgeni aumeze."

"Na mwenye kumdai mgeni, aweza kuuchukua?"

Ndevu za kadhi zikaanza kutikisika kwa tabasamu. "Akiuchukua," akasema polepole, "amemwibia mwenyeji."

Ngwali akapiga magoti mbele ya Sultani. "Mawlana, wewe ulitupa. Ungalitukaribisha! Usiseme 'chukueni', sema 'karibuni', na mji mzima tu wageni wako."

Mahfudhi akaruka kitini. "Hila hii! Karamu huliwa kwa mwenyeji. Hawa watapika majumbani kwao, katika vyungu vyao!"

"Mawlana," akasema Ngwali, "ardhi ya Kitamanga ni ya nani?"

"Ni yangu."

"Na mwenyeji huandika karamu wapi, Sheikh Kadhi?"

"Popote apendapo," akajibu kadhi, ambaye sasa alikuwa akifurahi waziwazi. "Barazani, uani, hata jangwani."

"Basi Mawlana ataandika karamu yake katika kila ua wa Kitamanga. Vyungu tunamwazima. Wake zetu watampikia kwa hisani yao. Atakayechovya mkono katika chungu pasipo kualikwa, askari wa kadhi watajua la kumfanya."

Mahfudhi akatweta, akatafuta njia. "Vema! Lakini ukimezwa umekuwa wao, Sheikh Kadhi mwenyewe kasema! Nitangoja wameze!"

Mbele ya Sultani palikuwa na sinia ya tende. Ngwali akamtazama Sultani. Sultani akatikisa kichwa kumruhusu. Akatwaa tende, akaitafuna taratibu, akaimeza. Kisha akamwendea Mahfudhi, akakaa mbele yake, akapanua mdomo kadiri alivyoweza.

"Bwana Mahfudhi," akasema, "sasa ni yangu, na kilicho changu wewe wakidai. Bado haijafika mbali. Ifuate!"

Baraza lote likaangua kicheko. Sultani alicheka hata kilemba kikamteremka machoni, na mawaziri, waliokuwa wakijizuia kwa adabu, walipomwona hivyo wakajiachia. Mahfudhi akasimama katikati ya kicheko kile, asijue aangalie wapi, kisha akasema kwa sauti ndogo, "Nitarudisha mchele."

"Karibuni!" akapaza sauti Sultani. "Enyi watu wa Kitamanga, nawakaribisha nyote!"

Watu wakainuka kwa shangwe, lakini Ngwali hakuinuka. "Mawlana, limebaki moja. Mwenyeji huuliza wageni wake kama wameshiba. Asipouliza, Bwana Mahfudhi atakuja kusema haikuwa karamu, ulitutupia tu."

Sultani akamtazama kadhi, naye kadhi akasema, "Hilo la kuuliza si sheria, Mawlana. Ni adabu tu." Basi Sultani akaahidi kuuliza.

Kesho yake moshi ukapanda kutoka kila ua. Sultani akatoka kasrini kwa miguu, amepandisha joho lake juu ya matope, na kadhi nyuma yake. Nyumba ya kwanza alicheka na watu. Ya pili akaacha kucheka. Alikuta watu wanakula chini ya jua kwa kuwa paa hakuna, watoto wamelala juu ya milango iliyong'oka, mgonjwa amefunikwa mkeka. Haya yote hakuwa ameyaona kutoka juu ya zulia. Kila mahali aliuliza, "Mmeshiba?" na kila alivyozidi kuuliza sauti yake ilishuka.

Akafika kwa Bi Riziki. "Bibi, umeshiba?"

Wengine wote walikuwa wamejibu, "Tumeshiba, Mawlana." Bi Riziki akakiangalia chungu, akamwangalia Sultani. "Bado," akasema.

Kadhi akashtuka. Lakini Sultani wa Kitamanga akachuchumaa kwenye matope, akashika upawa, akampakulia kwa mkono wake mwenyewe. Wanasema aliunguza kidole, maana hakuwahi kushika upawa.

Kwa Ngwali alimkuta Mize amemaliza kula, ananyonyesha, na mtoto ametulia. Sultani akatazama juu, akaona mbingu tupu. "Mwezekaji asiye na paa!" akasema, akacheka, ila macho yake yalikuwa na maji. Hapo hapo akaamuru makuti yaletwe kutoka nchi za jirani kwa gharama yake, na Ngwali aezeke mji mzima kwa ujira kamili, akianzia kwake.

Basi Ngwali akaezeka, na kwa ujira ule akamlipa Mahfudhi bei ya makuti yake yote, asibakize hata senti. Mahfudhi akapokea, akahesabu, akasema, "Ngwali, ungalisema mapema utalipa." Ngwali akamjibu, "Ungalingoja mapema, Bwana." Wakacheka wote wawili, Mahfudhi kidogo zaidi ya alivyotaka.

Tangu siku ile, mji wa Kitamanga ukipatwa na shida, mpiga mbiu hakutangaza tena, "Njooni mchukue." Alitangaza, "Sultani anawakaribisha," na Sultani mwenyewe alipita nyumba kwa nyumba kuuliza. Naye Bi Riziki, mpaka Mungu alipomchukua, kila alipoulizwa alijibu, "Bado." Mimi nimeisimulia kama nilivyosimuliwa, mwenye kuiongezea chumvi, aonje kwanza.